Kilima Nilichompandisha Kaka

Mimi ndiye niliyetaka tupande. Naanza na hilo kwa sababu watu wanapokuja kunipa pole hunikatiza nikifika hapo, wananiambia nisijilaumu, na mazungumzo yanageuzwa. Hapa hakuna wa kunikatiza.

Kaka yangu alikuwa na miaka sitini na minne, mimi hamsini na mitatu. Kati yetu walizaliwa wengine wawili ambao hawakuishi. Mimi nilipewa jina la nyanya yetu mzaa baba, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga kaka hakuniita kwa jina. Aliniita Kukhu, yaani nyanya, hata siku alizokuwa ananichapa. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita, na kaka alikuwa ameshaanza kukata na kubeba miwa ya watu kule kwetu Shianda. Baadaye alipata kazi katika kiwanda cha sukari, upande wa tanuri, akakaa huko hadi kiwanda kikasimama. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa Nakuru.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani likizo, hatukupata nafasi ya kuongea. Boma letu halikosi watu. Huyu amekuja kuazima jembe, yule ana kesi ya mpaka, mwingine anataka mzee amsindikize kwenda kuposa. Kaka ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma na kila jambo lilimfikia yeye. Nilikuwa nikikaa wiki nzima na kuondoka bila kumuuliza hata kama analala vizuri. Basi likizo ya Agosti mwaka juzi nikamwambia twende mahali tukae siku mbili, sisi wawili tu. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia habari za nyumba ya wageni katika kijiji kilicho pembeni mwa msitu wa Kakamega, karibu na kilima cha Lirhanda.

Kaka alicheka. "Nilale nyumba ya wageni na kwangu kuna kitanda? Watu watasema bibi amenifukuza."

"Waache waseme."

Akakubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vinne vilivyoezekwa mabati, vimepakwa chokaa, na jiko liko nyuma peke yake. Mwenyewe alikuwa mama mjane wa rika langu, mtu wa maneno machache. Tulifika jioni, akatupikia obusuma, yaani ugali, na mboga za murere, tukala mapema tukiwa tumeketi nje huku tukisikiliza nyani wakigombana msituni. Kaka alizungumza jioni ile kuliko nilivyomsikia akizungumza kwa miaka kumi. Alinieleza jinsi mama yetu alivyokufa, mambo ambayo mimi sikuyajua kwa sababu nilikuwa chuoni. Alinieleza pia kwamba siku kiwanda kilipozimwa, alirudi kesho yake asubuhi akiwa amevaa nguo za kazi, akasimama langoni mpaka mlinzi akamwambia aende nyumbani.

Asubuhi alikunywa chai, akala viazi vitamu na mayai mawili, kisha akatoa tembe mbili mfukoni akazimeza.

"Za nini hizo?"

"Mgongo," akasema.

Sikuuliza zaidi. Mtu aliyebeba miwa ujana wake wote ana haki ya kuumwa mgongo.

Mama wa nyumba alikuwa ametutafutia mwongozaji, mwanamke wa kama miaka arobaini aliyezaliwa kijijini hapo na anayeujua msitu njia kwa njia. Alikuja na gambuti miguuni na koti la mvua amelikunja kwapani. Alitusalimu, akamtazama kaka kidogo zaidi ya alivyonitazama mimi.

"Mzee, hii mlima utaweza?"

"Mama, mimi nimebebanga miwa tangu wewe hujazaliwa."

"Haya. Inanyeshanga saa nane. Tukitoka sasa tutarudi kabla."

Ilikuwa saa tatu hivi. Lirhanda si mlima wa kutisha. Wanafunzi hupanda na kushuka wakiimba, na wenyeji hupita ubavuni mwake wakitafuta kuni. Lakini sisi tulizunguka kwanza ndani ya msitu, kwa kuwa mimi nilitaka kuona miti mikubwa, kwa hiyo kabla ya kuanza kupanda tulikuwa tumeshatembea zaidi ya saa mbili. Kosa hilo nalo ni langu.

Msituni kaka alitembea vizuri. Alisimama kutazama mbega juu ya miti, manyoya yao meupe yananing'inia kama shuka zilizoanikwa, akauliza maswali mengi. Tulipotoka kwenye miti na kuanza mwinuko wa nyasi na mipera, alianza kubaki nyuma. Kila nilipogeuka nilimwona amesimama, mkono mmoja kiunoni, anatazama upande kana kwamba kuna kitu amekiona. Mimi huwa natembea kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, kwa hiyo nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na furaha. Nikamwita kutoka juu.

"Kaka, umezeeka. Yule mbeba miwa yuko wapi?"

Mwongozaji alicheka. Kaka naye akacheka, akavuta pumzi, akaanza kupanda kwa kasi. Alinifikia, akanipita. Alinipita bila kunitazama, shati limemganda mgongoni, na mimi nikapiga makofi.

Nimeyarudia makofi yale kichwani mara nyingi sana. Watu wengine wamefanya makosa makubwa kuliko hayo na ndugu zao bado wako hai.

Karibu na kilele kuna handaki la zamani walilochimba watafuta dhahabu, sasa limejaa popo. Mwongozaji alitaka kutuonyesha. Mimi niliingia hatua chache nikatoka kwa sababu ya harufu. Kaka hakuingia. Alisema atatungoja juu. Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, kofia ameiweka kando. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo nilidhani ni ya uchovu tu, kama majivu.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Keti."

Niliketi. Upande mmoja ulionekana ukuta wa milima ya Nandi, chini yetu msitu, na magharibi mashamba hadi macho yakachoka. Kaka alinyoosha mkono akasema kwetu ni kule, ingawa hakuna kitu kilichoonekana ila ukungu wa joto.

"Utajenga lini nyumbani?" akaniuliza.

Swali hilo alikuwa akiniuliza kila mwaka na lilikuwa linaniudhi. "Nikistaafu."

"Usingoje kustaafu. Ule upande wa shamba kwenye mpaka wa juu nimeuacha wazi. Nimemwambia bibi yangu pia, asipande miwa pale. Ni wako."

"Mimi nimeolewa, kaka. Nina kwangu."

"Najua. Bado ni wako."

Nilifungua mkoba nimpe maji. Mwongozaji alikuwa amesimama hatua kumi kutoka tulipoketi, anatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya. Nilisikia kaka akisema, "Kukhu," kwa sauti ya kawaida, kama anayetaka kuendelea na jambo. Nikasema, "Ee?" huku nikihangaika na kifuniko cha chupa. Hakujibu. Nilipoinua macho alikuwa ameegemea upande, taratibu, kama mtu anayejilaza apumzike. Nikadhani anajilaza.

Mwongozaji ndiye aliyepiga mbio. Alimgeuza chali, akamfungua vifungo, akaanza kumbonyeza kifua. Alikuwa amefundishwa. Alibonyeza muda mrefu, jasho likimtiririka, akaniambia nimpulizie hewa mdomoni, nikafanya. Mdomo wa kaka ulikuwa na ladha ya chai. Tulibadilishana, yeye akapuliza, mimi nikabonyeza. Sijui ni dakika ngapi. Mwishowe aliweka mikono juu ya mapaja yake, akatulia.

"Mama," akasema, "mzee ametuacha."

Nilimwambia aendelee. Aliendelea kidogo, kwa ajili yangu, kisha akaacha tena.

Simu yake ilipata mtandao akipanda juu ya jiwe. Alizungumza kwa Kiisukha, lugha ya huko, na mama wa nyumba, nikaelewa karibu yote: atafute wanaume, ngazi, blanketi, na mwenye pikapu. Akajibiwa kwamba wanaume waliopo hawaijui vizuri njia ya upande huo, itabidi ashuke awakute chini ya mlima awaongoze. Akanitazama.

"Nenda," nikamwambia.

"Utabaki peke yako?"

"Si peke yangu."

Akaniachia koti lake la mvua akashuka.

Mvua ilikuja saa nane kasoro. Kwanza upepo ulilaza nyasi, halafu matone makubwa, halafu mvua ya mawe iliyotupiga kwa muda mfupi na kuacha chembe nyeupe juu ya nyasi. Nilimfunika kaka kwa koti kuanzia kichwani. Nilikuwa nimevua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga nacho kidevu ili mdomo ubaki umefumbwa, kama nilivyoona wakimfanyia mama. Nililowa hadi mifupani. Nilikuwa nikizungumza naye. Nilimwambia mvua itaisha sasa hivi. Nilimwambia watu wanakuja. Nilijisikia mpumbavu lakini kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

Mvua ilipopungua, siafu walitoka. Niliwaona kwanza kama kamba nyeusi inayosogea kwenye nyasi, hatua chache kutoka miguuni mwake, na kabla sijajua la kufanya walikuwa wameshaanza kupanda kwenye soksi zake. Nilianza kuwatoa mmoja mmoja kwa vidole. Waliniuma, wakaniingia chini ya nguo, na kila nilipotoa mmoja walikuja kumi. Ilinibidi nimhamishe. Nilimshika makwapani nikavuta. Kaka alikuwa mtu mwembamba, lakini sikuwahi kujua mtu aliyekufa ana uzito gani. Nilivuta hatua moja, nikapumzika, nikavuta nyingine. Kiatu kimoja kilichomoka kikabaki kwenye siafu. Kichwa chake kiligonga magoti yangu kila nilipovuta, na nilikuwa nikimwomba radhi kila kilipogonga. Nilimfikisha kwenye mwamba ulio wazi, nikamketisha ameegemea kifua changu kwa sababu mwamba ulikuwa na maji. Tukakaa hivyo. Nilikuwa namtoa siafu waliobaki shingoni. Sikulia hata kidogo. Nilikuwa na hasira, na aliyenikasirisha ni yeye.

Wanaume wanne walifika na ngazi ya mbao. Walivua kofia kwanza. Mmoja, mchimbaji wa dhahabu kutoka Malinya aliyekuwa amekuja kijijini hapo kumtembelea mkwewe, alichuchumaa akamwambia kaka kwa sauti ya upole, kana kwamba anamwamsha, kwamba wamekuja kumchukua na wanampeleka kwa watu wake. Halafu wakamlaza juu ya ngazi, wakamfunga kwa kamba za katani kifuani na miguuni, wakamfunika blanketi. Yule mchimbaji alirudi kukifuata kile kiatu, akakikung'uta, akamvisha.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Udongo ulikuwa umegeuka utelezi, na waliotangulia walilazimika kuinua ngazi juu ya mabega ili asiteleze. Mara mbili walianguka. Mwongozaji alitembea mbele akikata matawi kwa panga, mimi nyuma. Wabebaji waliambiana mahali pa kukanyaga. Chini tulikuta pikapu, na ndani yake mama wa nyumba ameketi kwenye ubao, amekuja na shuka safi.

Kwenye zahanati muuguzi alimtazama, akaandika, akatupa karatasi. Kutoka hapo tulimpeleka mjini Kakamega, chumba cha maiti. Nilirudi kuchukua mizigo yetu jua likiwa linakaribia kuzama. Mama wa nyumba alikuwa ameniwekea maji ya moto bafuni, na jikoni kulikuwa na ingokho, kuku aliyekuwa amemchinja asubuhi ili tumkute tukirudi. Nyama ilikuwa imeiva na kulainika kabisa. Akaniuliza kama nitakula. Nikakataa, akafunika sufuria, akaja kuketi karibu nami. Hapo ndipo nilipompigia simu wifi yangu, mke wa kaka. Nilikuwa nimeogopa kumpigia saa zote zile.

Alipokea akicheka. "Mmenisahau huko kwenye raha zenu?"

Nilimwambia. Sikujua njia nyingine ila kumwambia moja kwa moja. Kwanza hakuelewa, kisha simu ikaanguka, nikasikia watu, kisha akarudi. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Alikuwa wapi?"

"Juu ya kilima."

"Mlipanda kilima? Kwa miguu?"

"Ndiyo."



"Daktari alimkataza hata kuendesha baiskeli," akasema. "Moyo umepanuka. Tangu Februari. Aliniambia mnakwenda kuketi. Aliniambia mtakaa kwenye viti mtazame nyani."

"Sikujua."

"Alisema atakuambia. Alisema anakwenda huko ili akuambie."

Kwenye begi lake nilikuta dawa zake zimefungwa kwenye leso, na kadi ya kliniki imekunjwa ndani ya Biblia. Jioni ile ya kwanza alikuwa na saa nzima za kuniambia. Alinieleza kifo cha mama badala yake. Nadhani alikuwa akiizunguka habari yake mwenyewe, akaona mimi nimefurahi, akaahirisha. Labda alitaka kuniambia kule juu. Labda ile "Kukhu" ya mwisho ndiyo ilikuwa mwanzo wake. Na huenda halikuwa jambo lolote, alitaka maji tu. Nimechoka kuchagua.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Kabla ya mazishi wazee wa ukoo waliketi, kama inavyofanyika mtu akifia mbali na nyumbani, wakanitaka nieleze. Baba mdogo, mzee sana ambaye hasikii vizuri, aliniuliza kwa sauti kubwa, "Wewe ulimvuta huko, ama alikwenda mwenyewe?"

Ningeweza kusema alikwenda mwenyewe. Ilikuwa kweli pia. Nikasema, "Nilimvuta. Na alipochoka nilimcheka."

Wifi yangu alikuwa mlangoni na kikapu cha vikombe. Alikiweka chini akatoka. Hakunisemesha siku hiyo wala siku ya kuzika. Nilipoondoka kwenda Nakuru nilimuaga akiwa amenipa mgongo, anachochea moto.

Nilirudi Desemba, akanipikia na kuniwekea chakula mezani kama mgeni. Nilirudi tena Aprili. Siku ya pili, tukichambua maharagwe uani, aliniambia bila kuinua macho, "Nieleze tangu mwanzo. Usiruke."

Nilimweleza. Viazi vitamu na mayai, mbega, alivyotembea vizuri msituni, kejeli yangu, jinsi alivyonipita, maneno ya shamba la juu. Nilimweleza mvua na wanaume wanne. Siafu sikuwataja, na sitawataja kwake kamwe. Alisikiliza hadi mwisho huku vidole vyake vikiendelea kuchambua.

"Alinidanganya mimi," akasema, "na wewe akakuficha. Mimi nimekaa nikikuchukia kwa sababu wewe ndiye uliyebaki."

Niliendelea kuchambua.

"Sijamaliza," akasema. "Sitaki uondoke hapa ukidhani nimemaliza."

"Sawa."

Alikusanya takataka za maharagwe akazitupia kuku. Kisha akaniambia kwamba upande wa juu umeota magugu hadi kiunoni, watu wameanza kulisha ng'ombe pale, na kama mimi sitaki kupatumia niseme, apande mahindi. Nikamwambia apande. Akasema hawezi peke yake, mgongo wake si wa kazi ile tena.

Kesho yake tuliamka alfajiri, tukachukua majembe mawili. Tulilima hadi jua lilipopanda, kila mmoja kwenye mstari wake, yeye mbele kidogo. Mara mbili alisimama kunyoosha mgongo, na mara zote mbili nilisimama nami, nikangoja hadi alipoinama tena.